Alama kwenye Kasia

Mjomba alipima kasia lake kwa rula yangu ya shule. Ilikuwa rula ya plastiki ya sentimita 30, kwa hiyo aliilaza mara moja kwenye mpini, akaweka kidole, akailaza tena hadi kwenye 20, halafu akachukua kisu na kukata alama. Kutoka ncha ya mpini hadi kwenye ile alama zilikuwa sentimita 50 kamili. Anayefika kwenye alama anaingia mtumbwini, asiyefika anarudi ziwani.

Nilikuwa darasa la sita. Tulikuwa tumekaa uani kwetu Nyasho, mama anachambua dagaa wa kuuza sokoni kesho yake, na mjomba ametoka mwaloni kwenye mkutano wa wavuvi. Alisema wameelezwa kwamba dume la sangara hukomaa akikaribia urefu huo, na jike anahitaji kurefuka zaidi kabla hajataga.

"Ukimvua mdogo umekula mbegu," alisema, akapuliza vumbi la mbao kwenye alama.

Sisi wawili tuliitana mjomba. Yeye ni kaka yake mama, mimi mtoto wa dada yake, na tangu nianze kuongea hajawahi kuniita kwa jina langu. "Mjomba, shika kamba." "Shikamoo mjomba." "Marahaba mjomba, umekula?" Watu wa nje walikuwa wakicheka. Kwetu lilikuwa jambo la kawaida.

Musoma ni mji wa mawe. Ukitembea Makoko au ukisimama Mlima Mukendo ukatazama chini, utaona majabali yameshuka hadi majini kama kundi la ng'ombe lililokwenda kunywa likasahau kurudi. Mengine yamejitenga yakasimama ndani ya ziwa, vichwa vyake vyeupe kwa kinyesi cha mnandi. Ukitoka nje zaidi kuna visiwa, na kisiwa tulichokuwa tukienda sana ni Rukuba, ambacho nacho ni mawe juu ya mawe. Samaki wanapenda mawe. Mtumbwi wa mbao hauyapendi. Kazi yote ya mjomba ilikuwa kati ya mambo hayo mawili.

Mwaka 2014 nilichaguliwa kwenda kidato cha tano katika shule ya bweni mkoani Iringa. Barua ilikuja na orodha: ada shilingi 70,000 kwa mwaka, michango, godoro, shuka mbili, ndoo, jembe, fagio, sare, viatu vyeusi vya ngozi. Chini kabisa waliandika kwamba mwanafunzi ambaye hatakamilisha mahitaji hatapokelewa. Mama aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka chini ya redio. Usiku nilimsikia akihesabu kwa sauti ndogo, akifika mahali, akianza upya.

Mjomba alikuja Jumapili. Aliichukua barua, akaisoma akiwa amesimama, akasema, "Mjomba, hili tutalimaliza ziwani."

Mama hakupenda. Tangu MV Bukoba ilipozama Mei 21, 1996, mama hajapanda chombo chochote cha majini, hata kuvuka ghuba kwenda Kinesi. Na mimi sikujua kuogelea. Watoto wengi wa Nyasho hatujui, ingawa kutoka sokoni hadi majini ni mwendo wa miguu tu. Lakini mama alikuwa ameshahesabu akashindwa, kwa hiyo alisema tu, "Umrudishe."

Ilikuwa kipupwe. Kuanzia Juni hadi Agosti upepo wa kusini mashariki hupiga ziwa kwa nguvu, maji ya juu hupoa, na yale yaliyokuwa yamekaa chini bila hewa huchanganyika na ya juu. Hayo nilikuja kuyasoma chuoni baadaye. Mjomba alikuwa akiyasema kwa namna yake: kipupwe ziwa linageuzwa kama ugali, na samaki anaweza kuwa popote.

Safari ya kwanza tuliondoka Mwigobero saa tisa alasiri. Mjomba alikaa kwenye mashine, mbele alikaa kijana mmoja kutoka Majita aliyekuwa akifanya naye kazi, na mimi katikati na kopo la kumwaga maji yanayoingia. Tulikuwa na kamba ndefu yenye ndoano mia nne, kila ndoano kwenye uzi wake mfupi, na beseni la kambale wadogo walio hai. Hao ndio chambo. Sangara hapendi kitu kilichokufa. Tulitega jua likizama, tukifunga mawe kwenye kamba ili ishuke na madumu matupu ili tuione, halafu tukaenda kulala kwenye kambi ya wavuvi kisiwani Rukuba. Alfajiri tukavuta.

Kazi niliyopewa ilikuwa kupima. Mjomba anavuta, kijana wa Majita anatoa ndoano, mimi nina kasia mapajani. Namlaza samaki, mdomo kwenye ncha ya mpini, naangalia mkia umefika wapi. Safari ile tulipata sangara kumi na mmoja. Wanne hawakufika.

Kumrudisha sangara si jambo jepesi kama linavyosikika. Akitolewa kwenye maji ya kina, hewa iliyo ndani ya bondo lake hutanuka, tumbo likajaa na macho yakatoka. Wawili kati ya wale wanne walizama wakaenda zao. Wawili walielea, tumbo juu, wakichezesha mapezi. Kabla hatujasogea mita ishirini, tai alishuka akamchukua mmoja.

"Sasa hapo tumefanya nini?" nilimuuliza.

"Tumefanya ya kwetu," mjomba alisema. "Yule mwingine anaweza kupona."

Kwa wasiokulia ziwani niseme kidogo kuhusu samaki huyu. Sangara si mwenyeji. Aliletwa Ziwa Victoria upande wa Uganda katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amejaa ziwa zima, huku furu wa aina nyingi wakitoweka. Anaweza kukua hadi karibu mita mbili. Viwanda vya minofu vikaja, minofu ikaenda Ulaya, mabondo yakaenda China, na sisi tukabaki na mapanki, yaani kichwa na mifupa iliyobaki nyama kidogo. Nimekua kwa mapanki na ugali wa muhogo. Sikuwahi kuona kama ni fedheha hadi nilipokutana na watu waliokuwa wameitazama kama fedheha kwenye filamu. Kwetu lilikuwa chungu limejaa.

Tukaenda safari ya pili. Usiku, upande wetu, upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na mchana hugeuka. Wavuvi wote hupanga safari zao kwa kujua hilo. Asubuhi ile haukufuata mpango. Tulikuwa tumevuta kama nusu ya kamba nilipoona maji kwa mbali yamekuwa meusi, na ule weusi unakuja. Kijana wa Majita akaacha kuongea. Mawimbi yakaanza kuingia kwa pembeni, mimi namwaga kwa kopo na maji hayapungui. Nyuma yetu, karibu kuliko nilivyofikiri, yalikuwa majabali ya Rukuba, na kila wimbi lililopita chini yetu nililisikia likipasukia pale.

Tatizo lilikuwa kamba. Tulikuwa tumeishikilia, na yenyewe ilikuwa imetushikilia, hivyo mtumbwi haukuweza kugeuza pua kukabili wimbi. Mjomba hakuitazama hata mara moja. Alitoa kisu kile kile, akakata. Kamba ikazama na ndoano zaidi ya mia moja na hamsini, pamoja na samaki waliokuwa juu yake. Mashine ikashika. Tukakaa nyuma ya kisiwa mpaka saa nane mchana, tumelowa, hakuna anayesema kitu.

"Kamba inanunuliwa," mjomba alisema mwishoni, kama anayejibu swali.

Ni kweli inanunuliwa. Aliinunua kwa mkopo, pamoja na petroli, pamoja na chambo. Nilikuwa nimekwenda ziwani kupunguza hesabu ya mama, na sasa hesabu ilikuwa imeongezeka. Alikata kamba ili mimi nirudi nyumbani kama alivyoahidi. Hilo nililijua, na yeye alijua kwamba nalijua.

Safari ya tatu zilikuwa zimebaki siku tano niripoti shuleni. Alfajiri hiyo ziwa lilikuwa limetulia kama limechoka. Mjomba alipoanza kuvuta, kamba ilikuwa nzito tangu mwanzo. Samaki wa kwanza akatoka, kijana akatoa ndoano, nikamlaza kwenye kasia. Alikuwa mfupi kwa upana wa kiganja. Nikamrudisha. Wa pili, vivyo hivyo. Wa tatu alifika. Wa nne na wa tano hawakufika. Kundi zima la wadogo lilikuwa limepita pale usiku.

Nilikuwa na samaki wa sita mkononi mjomba aliposema, "Mjomba, nipe hilo kasia. Nataka kuzuia mtumbwi usisogelee mawe."

Nikampa. Mawe yalikuwa mbali. Maji yalikuwa yametulia. Alilishika kidogo, akalichovya majini mara moja, kisha akalilaza chini nyuma yake, akaendelea kuvuta.

Mimi nilibaki na samaki mkononi. Sikuhitaji kasia kujua. Ukishapima sangara wawili au watatu, jicho linajua. Kijana wa Majita alinitazama, halafu akatazama pembeni. Nikamweka samaki ndani ya mtumbwi. Akaja mwingine, nikamweka. Hakuna aliyesema neno. Tulipomaliza walikuwa sangara hamsini na wawili, na wanaofika alama walikuwa tisa tu.

Hatukurudi Mwigobero moja kwa moja. Tulisubiri giza, tukapita kwenye ufuko mdogo ambako mnunuzi alikuwa na tochi na mizani. Wale wadogo arobaini na watatu walileta shilingi 95,000. Mjomba alizihesabu mara mbili kwa mwanga wa simu, akanikabidhi zote. Elfu sabini ilikuwa ada. Iliyobaki ilinunua godoro, lile jembamba la inchi tatu, na mwezi uliofuata nilikuwa nimelilalia huko Iringa, kwenye baridi ambayo sikuwa nimewahi kuijua, nikisoma Biolojia.

Nilipofaulu kidato cha sita nilichagua kusomea sayansi ya uvuvi. Watu walidhani ni kwa sababu nimetoka ziwani. Nilikubali, ilikuwa rahisi kuliko kueleza.

Siku moja mwaka wa pili, mhadhiri alituonyesha video ya wavuvi wa salmoni huko Kanada, pwani ya British Columbia. Ilikuwa kiangazi chao. Pwani ya mawe, miti hadi majini, boti nyeupe, watu wamevaa maboya mekundu mwilini. Mzee mmoja alivuta samaki mkubwa anayeng'aa, akamlaza kwenye kipimo kilichochorwa kwenye boti, akatikisa kichwa, akamrudisha majini taratibu kwa mikono miwili huku anatabasamu. Darasa likapiga makofi. Mimi nilikuwa nimeangalia mkono wake ulipokuwa ukimlaza samaki, mdomo kwenye ncha. Niliijua kazi ile.

Mhadhiri akauliza, "Kwa nini sisi hatuwezi hivi?"

Majibu yakaja haraka: elimu duni, tamaa, wavuvi hawafikirii kesho. Dada mmoja wa Dar es Salaam alisema wavuvi wadogo ndio adui namba moja wa ziwa. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anajibu swali. Mwaka uliofuata, 2018, ilipokuja Operesheni Sangara na nyavu haramu zikachomwa moto kwenye mialo ya Ziwa Victoria, wengi darasani walifurahi, na nadhani sehemu yangu ilifurahi pia. Nilikuwa nimesoma takwimu. Nilijua kwamba sangara wakivuliwa kabla hawajazaa, hakuna operesheni itakayowaleta.

Lakini siku ile ya video nilinyamaza. Nilitaka kusema kwamba namjua mvuvi aliyefikiria kesho hadi akaikata kwa kisu kwenye kasia lake. Kwamba yule mzee wa Kanada, akirudisha samaki, anarudisha mchezo wa Jumamosi, na mjomba akirudisha anarudisha godoro la mtu. Nilikuwa na hotuba nzima. Nilichokosa ni ujasiri wa kumaliza sentensi ya mwisho, kwamba godoro lenyewe lilikuwa langu, na kwamba mikono iliyowaingiza wale arobaini na watatu mtumbwini ilikuwa mikono yangu.

Mwaka 2020 ziwa lilifurika. Mwezi Mei lilifika kimo kilichozidi hata cha 1964, likameza fukwe na vibanda vya mialo. Mjomba alikuwa ameshaanza kuumwa mgongo. Aliuza mashine, mtumbwi akauacha. Alipohamia kwetu Nyasho alikuja na begi moja, redio na lile kasia.

Nilikwenda likizo Desemba. Kasia lilikuwa limeegemezwa mlango wa banda la kuku ili usifunguke. Alama bado ipo, imejaa uchafu mweusi. Mjomba alikuwa amekaa kwenye kigoda kivulini. Nilimsalimu, tukaongea habari za mvua, za bei ya dagaa, za nani kafariki. Halafu nikasema jambo ambalo nilikuwa nimelibeba kwa miaka sita.

"Mjomba, siku ile ulipochukua kasia, mawe yalikuwa mbali."

Hakuuliza siku ipi. "Yalikuwa mbali," alisema.

"Mimi niliona."

"Najua uliona. Nilikuwa nangoja useme."

"Niseme nini?"

"Kwamba tuwarudishe. Ungesema, tungewarudisha. Nilijisemea, huyu ndiye aliyesoma, na ndiye mwenye rula. Akisema nitawarudisha." Akajikuna mguu. "Hukusema. Nikajua unaitaka shule kweli."

"Na ada ingetoka wapi?"

"Ningetafuta. Sijui. Ningetafuta."

Sijui kama ni kweli. Huenda kwa miaka sita naye alikuwa akitafuta mahali pa kuliweka jambo hilo, akaona mimi ndiye mwenye nafasi. Huenda aliyasema ili kunifundisha, au kuniumiza, au kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Ninachojua ni kile nilichokifanya. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, samaki alikuwa mkononi mwangu, bado anapumua, na kati yangu na maji palikuwa na ubao mmoja tu. Ningeweza kufungua vidole. Nilifikiria orodha iliyokuwa chini ya redio ya mama, nikamweka ndani. Nilifanya hivyo zaidi ya mara arobaini. Kila mara nilikuwa na nafasi ya kuanza upya, kama mama alivyokuwa akianza upya hesabu yake, na kila mara nilifika kwenye jibu lile lile.

Mama alituita chakula. Ulikuwa ugali na sangara, wa kukaanga, wa kununua sokoni. Mjomba alisogeza sahani yake karibu na mwanga, akamtazama samaki kutoka kichwa hadi mkia kama anavyofanya kila siku, mama akimcheka.

"Huyu alifika?" nilimuuliza.

Alimtazama tena.

"Hakufika," alisema, akammega kipande, akaninyoshea. "Kula, mjomba. Ugali unapoa."